Swali la Lugha: "Sheria imepita" imepita wapi?

Msomaji wa Kisauni auliza: ni mswada ama muswada? Na "rais amepitisha mswada" ni Kiswahili sawa?

La kwanza nalimaliza haraka. Zote mbili ziko kwenye kamusi, Wakenya twaandika mswada, wenzetu wa Tanzania wapenda muswada, na asili ni Kiarabu, musawwada, yaani rasimu, karatasi iliyotiwa weusi wa wino. Ndo maana sheria ambayo bado ni rasimu bungeni huitwa mswada, na hata kitabu ambacho hakijachapishwa. Wingi miswada. Anayesema "mswada imepita" ana kesi na mwalimu wake wa darasa la tatu, mie simo.

La pili ndo limenipandisha presha, manake lagusa kitu chanikera miaka: hii tabia ya kuita kila karatasi iliyoingia bungeni "sheria mpya". Mwezi wa tano 2024, Mswada wa Fedha, ule wa mapendekezo ya kodi ya serikali, ndo kwanza umefika Bunge la Taifa, ndani mna kifungu cha VAT ya asilimia 16 kwa mkate, muuza duka mmoja hapa Mwembe Tayari kashaandika bei mpya kwa chaki, namuuliza vipi bwana, aniambia "sheria si imepita." Imepita wapi yakhe? Mswada ulikuwa umesomwa mara ya kwanza tu, na usidhani kusomwa huko ni wabunge wamekaa wamefunua kurasa, ni karani ataja jina la mswada, basi, kisha waenda kwa kamati na umma watoa maoni. Kifungu cha mkate chenyewe kilitolewa mwezi wa sita, kabla hata ya kura ya mwisho. Chaki haikufutwa lakini.

Baada ya kamati kuna kusomwa mara ya pili, hapo ndo wabunge wajadili hasa, kisha bunge zima lageuka kamati na kupitia kifungu kwa kifungu, kisha mara ya tatu. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 wakasema ndiyo, 106 wakasema la. Haya, hapo kuna kitu kilipita, na kilichopita ni MSWADA. Posa imekubaliwa, kadhi bado hajaja, na kwetu hapa hakuna anayesema binti fulani kaolewa eti kwa sababu wazee washakula halua. Kesho yake rais akakataa kutia saini, akaurudisha bungeni akitaka vifungu vyote vifutwe, ukafa. Kwa hivyo "Sheria ya Fedha ya 2024" haiko, haijawahi kuwako, na mpaka leo nawasikia watu, wengine wamevaa tai kabisa kwenye TV, "ile Sheria ya Fedha ya 2024 ilituumiza sana." Iliwaumiza vipi na haikuzaliwa? Ya 2023 ipo, mkitaka kulaumu laumuni hiyo.

Sasa ndugu yangu wa Kisauni, rais hapitishi mswada. Bunge ndilo hupitisha, na ukiwa wahusu kaunti, Seneti nayo lazima iupitishe. Rais huuidhinisha, ama kwa maneno ya kawaida hutia saini, na katiba imempa siku 14. Akiwa na shaka aurudisha na maelezo yake, bunge laweza kumkubalia, ama likampinga kwa kura za thuluthi mbili ya wabunge. Na akinyamaza tu hadi siku 14 ziishe, wahesabiwa umeidhinishwa, saini hakuna na sheria iko! Kisha lazima ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku 7, na yaanza kazi siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe itaje siku nyingine. "Rais amepitisha" ukiisikia kwa matatu nyamaza ushuke stegi yako salama, ukiisikia kwa taarifa ya habari wapigie simu.

Kuna wazee wataniandikia kwamba saini ni Kiingereza kilichovaa kanzu na tuseme sahihi. Ni kweli, lakini vita hivyo nishachoka navyo, semeni mnavyotaka bora msiniambie "ame-sign". Na wale wa "bili ya fedha"... bili ni ya stima na maji, hiyo haisomwi hata mara moja na yapita kila mwezi.