Jackie Kennedy hakuwa mavazi tu

Ndugu, hapo uliposema Jacqueline (Jackie) Kennedy, mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, "alijua kuvaa tu" sikubaliani nawe. Kuvaa alijua, hilo halina ubishi. Shangazi yangu, fundi cherehani, alikuwa na picha yake iliyokatwa gazetini ameibandika ukutani, na wateja walikuwa wakiinyooshea kidole: "Nishonee kama hilo." Gauni la mkato mnyoofu, lisilo na mikono, bila mbwembwe. Mpaka leo nikiliona namkumbuka shangazi kabla ya Jackie mwenyewe!

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa suti ile ya waridi ya Dallas, tarehe 22 Novemba 1963. Mumewe kauawa pembeni yake, nguo imetapakaa damu, watu wanamsihi abadilishe, akakataa. Alisimama nayo hivyohivyo makamu wa rais, Johnson, alipoapishwa kuwa rais ndani ya ndege.

Halafu baada ya kufiwa na mume wa pili, Onassis, mwaka 1975, akaenda kuajiriwa kama mhariri wa vitabu New York. Ile stesheni ya treni ya Grand Central ya hukohuko New York nayo isingekuwa kama ilivyo leo bila yeye na wenzake kuipigania isijengewe mnara wa ofisi juu yake. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, upande wao ukashinda 1978.