Kabla hujapunguza nondo kwa sababu ni za 500

Tangu tetemeko la 10 Septemba 2016 hapa Bukoba, lile la ukubwa wa 5.9, kila anayejenga anataka nondo zenye nguvu. Akishasikia bei anabadilika: "Injinia, si umesema hizi ni ngumu zaidi? Basi tupunguze."

Mteja mmoja alitaka nguzo ya nondo 4 za mm 16 aijenge kwa 4 za mm 12, kwa vile za dukani sasa ni 500 badala ya 460 (nguvu ya chuma, kwa newton kwa kila milimita ya mraba). Nikampigia hesabu juu ya mfuko wa saruji. Nne za 16 zina eneo la milimita za mraba 804. Nne za 12 zina 452. Nguvu imeongezeka chini ya asilimia 9, yeye anaondoa asilimia 44 ya chuma! Tena nondo nyembamba hupinda upesi nguzo ikielemewa. Ndiyo maana Eurocode 8, kanuni za Ulaya za kujenga kwa kuhimili tetemeko, inataka ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo) za juu na chini ya nguzo zisiachane zaidi ya mara 8 ya kipenyo cha nondo: kwa 16 ni mm 128, kwa 12 ni mm 96. Ulichookoa kwenye nondo unakilipa kwenye ringi. Na ncha za ringi zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya zege. Za 90 hufunguka zege la nje likibanduka.

Dukani usiishie kwenye 500. Uliza herufi inayofuata, na cheti chake. B500C huvutika angalau asilimia 7.5 kabla ya kufikia kilele cha nguvu yake, B500A 2.5 tu. Nyumba ikitikisika tunataka chuma kirefuke, kuta zipasuke huku watu wanatoka. Wala usishangilie nondo iliyopita mno kiwango kilichoandikwa: bimu ikiwa ngumu kuliko ilivyochorwa, kinachovunjika ni nguzo.

Mimi mwenyewe nilishakosea. Nondo zilizochomoza kwenye msingi zilikuwa zinazuia toroli, nikawaambia vijana wazilaze, kesho tutazinyoosha. Kesho yake nondo ya pili tuliyoinyoosha ikakatika, ta! Pale ilipokatikia palimetameta kama sukari. Tulichimbua zege siku nzima kwa tindo na nyundo ili tuunge nyingine. Siku hizi toroli ndiyo inayozunguka.