Ukuta Uliomshinda Leonardo

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi huchora picha katika kuta za makanisa huku Tukuyu, ambako mvua haitupi nafasi. Nasikia Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci ilianza kubanduka angali hai. Fundi mkubwa vile alikosea wapi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Wachoraji wengi wa Italia wa enzi hizo walipaka rangi ya maji juu ya lipu mbichi ya chokaa, ambayo ilipokauka iliishika rangi ikawa sehemu ya ukuta. Lakini njia hiyo humlazimu mchoraji kumaliza kipande cha siku kabla lipu haijakauka. Leonardo, aliyependa kuchora polepole na kurudia kusahihisha, hakuiweza haraka hiyo. Basi katika bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milan, kati ya 1495 na 1498 hivi, alitumia rangi za yai na mafuta juu ya ukuta mkavu, na unyevu ukazibandua. Ukarabati uliokamilika mwaka 1999 ulichukua zaidi ya miaka 20. Hata hivyo, kwa maoni yangu, subira hiyohiyo ndiyo iliyompa ule ufundi wa kuyeyusha mpaka kati ya mwanga na kivuli, ambao Raphael, mchoraji mwingine wa Italia aliyekuwa mdogo kwake kwa umri, aliuchota bila aibu.