Ukubali ajira ya halmashauri?
Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali ajira ya halmashauri. Kubali. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkoani Tanga. Bosi wako atakuwa mkurugenzi, ila bajeti hupitishwa na baraza la madiwani, kwa hiyo zoea kuulizwa maswali. Hela ya mafuta ya pikipiki huchelewa, utatembea sana. Kinachonipa moyo ni ile mikopo ambayo halmashauri hutoa kwa vikundi kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Juzi kina mama wakaanga samaki wamenifungulia daftari lao, limejaa madoa ya mafuta, marejesho yote yametimia. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga.