Baba mkubwa alisema kwa mdomo, akaandika na kwa penseli

Baba mkubwa alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, na maisha yake yote yalikuwa kwenye daftari la madeni, nani kachukua sukari nusu nani kachukua mafuta. Alivyozidiwa wakaja majirani wawili kumjulia hali, akawaambia nyumba ya Makorora ni ya binti yangu, ndo kanihangaikia. Baada ya arobaini tukafungua daftari tukakuta kaandika hivohivo, kwa penseli, hakuna sahihi wala shahidi. Tukajua yameisha. Thubutu! Kaka wawili wa huyo binti wakapinga, tukaanza safari za mahakama ya mwanzo, mimi ndo namsindikiza dada, yani huyo binti, kila tarehe.

Wosia wa mdomo unakubalika, msidanganywe. Ila Tangazo la Sheria za Mila la 1963 linataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili ndugu wa ukoo na wawili watu baki. Sisi tulikuwa na majirani tu. Na shangazi zangu wawili siku ile walikuwepo jikoni wanapika uji, wangeitwa tu chumbani dakika tano! Nilivyosikia hivo nikaulaumu ule uji miezi na miezi.

Wa maandishi nao, kuandika kwa mkono sio tatizo, hauhitaji taipu wala wakili, ila uandikwe kwa wino usiofutika (kwahiyo penseli ya mzee kwaheri), uwe na tarehe na sahihi, na kimila mashahidi wawili wanatosha kama mwenyewe anajua kusoma na kuandika, mmoja ndugu mmoja mtu baki, kama hajui wanakuwa wanne. Unayemwachia mali usimfanye shahidi. Na ukishaandika usije ukaufuta kwa mdomo, wa maandishi unafutwa kwa maandishi.

Sasa kumbe uji tulikuwa tunauonea bure. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi, na baba mkubwa alikuwa mtu wa swala tano, kwahiyo ikatumika sheria ya Kiislamu. Huko wosia hauzidi theluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, yani ikibaki milioni 30 unausia mwisho milioni 10. Na mrithi huwezi kumuusia mpaka warithi wenzake waridhie. Binti ni mrithi! Hata angeita mashahidi ishirini, kaka wangesema hatutaki na ingeishia hapohapo. Mke alishatangulia, wazazi pia, basi kila kaka akapata mafungu mawili na dada fungu moja, moja ya tano ya nyumba aliyomuuguzia baba yake.

Alichotakiwa mzee ni hiba, ampe akiwa hai na mzima, sio yuko mahututi kitandani maana hapo inarudi kuhesabiwa kama wosia. Atamke, binti apokee, akabidhiwe kweli sio maneno, na nyaraka zibadilishwe jina. Wengi hapa kwenye kukabidhi ndo wanakwama, mzee anasema nimekupa na funguo bado iko mfukoni kwake. Kama wewe ni wa wosia basi andika vizuri upeleke RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), wanatunza, sio kwenye daftari la sukari.

Mama yangu nilivyomhadithia alikaa kimya, wiki ileile akamwita mdogo wangu mbele yetu wote akampa cherehani yake, akamwambia ondoka nayo leoleo.