Televisheni ya Faiba Nyumbani: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Wasomaji kadhaa wameandika kuhusu televisheni inayoletwa nyumbani kwa faiba. Ninayajibu maswali yao hapa, na lile linalosumbua nyumba nyingi nimelipa nafasi kubwa zaidi.

Nimetumia dishi kwa miaka mingi, na mvua ikinyesha picha hupotea. Jirani ananiambia kuwa faiba haijali mvua. Je, ni kweli? (Msomaji wa Kimara, Dar es Salaam)

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Dishi hupokea mawimbi kutoka setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mvua kubwa huyafyonza na kuyatawanya kabla hayajafika kwenye paa lako. Faiba ni uzi wa kioo ulio mwembamba kama unywele, na kinachosafiri ndani yake ni mwanga, ambao mvua haiwezi kuufikia. Uzi mmoja hutoka katika kituo cha mtoa huduma hadi mtaani, ambako kifaa kidogo kisichotumia umeme huugawa mwanga wake kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, ndipo waya wako uingie ndani. Hata hivyo, masika huja na hatari zake: tawi huangukia waya kwenye nguzo, maji hupenya katika kiungo kilichofungwa vibaya, na wachimba mitaro huukata waya uliofukiwa.

Ninalipia kifurushi cha megabiti 40 kwa sekunde, lakini kila jioni picha inaganda katika chumba cha ndani. Nikipiga simu, ninashauriwa nihamie kifurushi kikubwa zaidi. Nifanye nini? (Mama wa Mji wa Kale, Mombasa)

Mama, usiongeze hata shilingi moja kabla ya kupima. Netflix, kwa mfano, hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya ubora wa 1080p, yaani HD kamili, na 15 kwa picha ya 4K, iliyo kali zaidi. Maana yake ni kwamba megabiti 40, kama kweli zinakufikia, zinatosha televisheni mbili za 4K kwa wakati mmoja na bado zikabaki za simu za watoto. Swali ni wapi zinapotelea.

Njia ya picha ina vipande viwili: njia ya kioo, inayoishia kwenye modem, na njia ya hewani, yaani Wi-Fi, inayotoka kwenye modem hadi kwenye televisheni. Azima kompyuta, iunganishe na modem kwa waya wa mtandao, na upime kasi katika saa ile ile ambayo picha huganda, huku wengine nyumbani wakiwa wameacha kutumia intaneti kwa dakika chache. Kasi ikikaribia 40, faiba yako ni nzima na tatizo liko ndani ya nyumba. Ikiwa hata kwa waya kasi hushuka mno jioni na kupanda tena alfajiri, basi msongamano uko upande wa mtoa huduma, na kifurushi kikubwa zaidi hakitaondoa foleni hiyo. Andika tarehe, saa na kipimo kwa siku kadhaa mfululizo, kisha umpelekee kwa maandishi. Asipokusikiliza, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya mteja aliyekwisha kulalamika kwa mtoa huduma wake bila kupata ufumbuzi.

Kwa nyumba ya Mji wa Kale, nina shaka kubwa na kuta. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huleta ubaridi mzuri, lakini hudhoofisha sana mawimbi ya Wi-Fi. Modem nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahazi 2.4, ambayo hupenya ukuta vizuri zaidi lakini hugombaniwa na modem za majirani, na ya gigahazi 5, ambayo huenda kasi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Jioni, majirani wote wanaporudi, zile za 2.4 hubanana, na chumba cha ndani hakifikiwi vizuri na zile za 5. Mimi mwenyewe nililipia kifurushi cha juu kwa miezi kadhaa kabla ya fundi mmoja mwenye subira kunionyesha kwamba modem yangu ilikuwa imefungwa nyuma ya kabati la chuma. Dawa ninayoiamini kuliko zote ni waya wa mtandao unaopitishwa pembeni mwa ukuta kutoka kwenye modem hadi kwenye televisheni. Hugharimiwa mara moja tu, na televisheni haimo tena katika ugomvi wa hewani. Ikiwa waya hauwezekani, mwombe fundi aisogeze modem katikati ya nyumba, mahali pa juu na pa wazi.

Taa nyekundu iliyoandikwa LOS inawaka na televisheni imekufa. Je, nichomoe ule waya mwembamba na kuupuliza? (Msomaji wa Arusha)

Hapana, ndugu yangu. Taa hiyo inasema kwamba mwanga kutoka kituoni haufiki. Usichomoe kichwa cha waya huo, ambacho mara nyingi ni cha kijani, kwa sababu pumzi huacha unyevu na vumbi kwenye ncha ya kioo. Wala usiichungulie ncha, kwa kuwa mwanga wake hauonekani kwa macho ilhali unaweza kuyadhuru. Unachoweza kufanya ni kuufuata waya kwa macho: huenda kochi limeukandamiza, au mtu ameuviringa katika duara dogo ili upendeze. Kioo kikipindwa sana, mwanga huvuja. Ulegeze taratibu na usubiri dakika chache; taa isipozimika, mwite fundi.

Akija, mwombe akuambie kipimo cha mwanga unaofika kwenye modem. Kwa mitambo mingi ya nyumbani, kipimo kati ya -15 na -25 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga) ni kizuri, na kikishuka chini ya -27 huduma huanza kuyumba. Kiandike mahali, ili siku nyingine ujue kama hali imebadilika.

Agosti 2025, Kenya ilipoifunga Morocco 1-0 katika CHAN, majirani walishangilia kabla mimi sijaliona goli. Je, faiba ni ya polepole? (Msomaji wa Nairobi)

Faiba haina kosa hapo. Mwanga hukimbia ndani ya kioo takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata umbali wa Mombasa hadi Nairobi huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Kinachochelewesha ni programu ya kutazamia: hukata mchezo katika vipande vidogo, huvibana, kisha huweka akiba ya vipande kadhaa ili picha isikwame, na kuchelewa kwa sekunde 20 au zaidi ni jambo la kawaida. Jirani mwenye antena hupata matangazo bila akiba hiyo. Kama king'amuzi chako kinapokea antena, itumie kwa mechi na uiachie faiba filamu.

Nimeuziwa kisanduku chenye chaneli zote za kulipia bila malipo ya mwezi. Je, kuna ubaya? (Msomaji wa Kampala)

Upo, tena mkubwa. Chaneli hizo huwa zimeibwa. Zaidi ya hayo, Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, programu hasidi iliyokutwa katika visanduku vya televisheni vya bei rahisi, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla ya kununuliwa, na inayowawezesha wahalifu kupitisha shughuli zao kwenye intaneti ya nyumba ya mtu. Kichomoe leo, kisha ubadilishe nywila ya Wi-Fi na za akaunti ulizowahi kuzifungua humo.

Umeme ukikatika, mbona faiba nayo hukatika? (Msomaji wa Mwanza)

Waya wa kioo hauhitaji umeme, ila modem inauhitaji. Modem nyingi hutumia umeme mdogo wa volti 12, na zipo betri ndogo za akiba zilizotengenezwa kwa ajili yake ambazo huiweka hai kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye chaja ya modem yako. Televisheni yenyewe itazimika, lakini simu yenye programu ya mtoa huduma itaweza kuendelea kuonyesha taarifa ya habari.