Redio ikizima ukiongea, usikimbilie dukani

Boti yetu ya bwawa la Nyumba ya Mungu ina redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya boti. Inapokea vizuri, ila nikibonyeza kuongea inazima. Fundi kasema tununue nyingine. (Moshi)

Msinunue. Swali hili haliishi kuja, na kila anayeuliza hajapima. Redio ya wati 25 ikipokea hula chini ya ampea moja. Ikirusha hufika ampea 5 au 6, na hapo ndipo waya mbovu hujulikana. Kupima betri redio ikiwa kimya hakusaidii, utasoma volti 12.6 na kurudi nyumbani ukiwa umeridhika bure.

Hakikisha antena imefungwa, ondoka chaneli 16, si ya majaribio. Weka mita kwenye volti za DC: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya chanya nyuma ya redio. Mwenzako abonyeze kuongea kwa nguvu kubwa. Ikizidi volti 0.3 hivi, umeme unapotelea njiani. Rudia upande wa hasi, ambao wengi huusahau. Kisha fuata kiungo kimoja kimoja mpaka uone volti zinapopotea. Mara nyingi ni kishikio cha fyuzi chenye kutu ya kijani, au nyaya zilizosokotwa zikafungwa solotepu. Kata mpaka ufikie shaba safi, ubane upya. Pande zote zikiwa salama, pima betri yenyewe wakati wa kurusha.

Na jamani, waya wa nyumbani wenye uzi mmoja usiupeleke kwenye boti. Mtetemo huukatia ndani ya ganda, nje huoni kitu.

Waya wa antena ya TV unafaa kwa VHF? (Arusha)

Hapana. Ule ni wa omu 75, redio inataka 50.

Nafunga vifaa kwenye boti Tanga. Mtandao wa NMEA 2000, unaounganisha vifaa hivyo na skrini, unapoteza vipimo vya kina cha maji na GPS. Nibadili skrini? (Moshi)

Umepima nini? Zima umeme, pima omu kati ya waya mweupe na wa bluu wa kebo ya mtandao. 60 ni sawa. 120, kizibo kimoja cha mwisho (rezista ya kwenye ncha ya kebo) hakipo au kebo imekatika. 40, kuna aliyeweka vizibo vitatu.

Nina diploma ya elektroniki. Nitafikaje kuwa mhandisi mwandamizi wa elektroniki za meli? (Arusha)

Ukitaka kusafiri na meli, tafuta cheti cha ETO, yaani afisa wa umeme na elektroniki melini, kanuni ya III/6 ya STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia), iliyoingia kwa marekebisho ya Manila ya 2010. Njia ya kawaida inadai miezi isiyopungua 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, angalau 6 ikiwa melini. Ulizia DMI, chuo cha mabaharia, Dar es Salaam. Cheti cha redio cha GMDSS, mfumo wa mawasiliano ya dharura baharini, kitakufaa pia.

Uandamizi unaonekana kwenye ripoti unayotia saini: kipimo cha kabla, cha baada, namba ya kifaa, toleo la programu. Zoea kuandika hivyo tangu sasa, hata kwa inveta ya jirani.

Jihadhari na mawakala. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kujilipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Anayetaka utume pesa kwa simu akushikie nafasi melini ni tapeli.